Ng'ombe Niliyempa Mungu

Jumatatu, 3 Novemba

Karatasi ya Jumapili imekamilika. Kurasa mbili, mbele na nyuma. Kichwa: USIMPE MUNGU CHA MTU. Nakala themanini. Mashine ya Priscillah wa fotokopi iliishiwa wino, kwa hivyo zile ishirini za mwisho zitasomwa kwa imani.

Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Bonasi ya majani chai iliingia mwezi jana, ndogo, watu bado wanainung'unikia, na Pasta Kimeli ameona sadaka haitatosha paa jipya. Basi amemwalika mheshimiwa. Sitaandika jina lake hata humu. Ameahidi mabati ya kanisa zima, na kila mtu huku anajua daraja letu liliishia mfukoni mwa nani. Nitasimama kabla hajapewa maikrofoni. Dakika tatu zinanitosha.

Ndung'u wa hardware, mzee mwenzangu wa kanisa, alisoma nakala moja akiwa amesimama mlangoni pa agrovet yangu. Akasema nitawaletea mvua ndani ya kanisa. Nikamjibu afadhali mvua ya Mungu kuliko bati la wizi.

"Ni sawa, Madam Dorcus," akasema, "lakini wewe hukaa pale mbele. Pale hapavuji."

Nilicheka, nakiri. Lakini mimi nina haki ya kusema. Miaka mitano iliyopita, sikukuu kama hii, wengine walileta bahasha wakangoja majina yao yasomwe. Mimi nilimleta Chelel, mtamba wa marehemu baba, nikamfunga kwenye nguzo ya kengele. Nikasema nimetoa kilicho changu, wao je? Nikarudi kukaa. Wapo wanaosema nilihutubia nusu saa. Sikumbuki hivyo.

Jumanne, 4 Novemba

Mgeni dukani. Mwanamume wa miaka sitini hivi, koti la suti, gambuti, kofia mkononi. Alinunua dawa ya kupe, akalipa, hakuondoka. Akauliza habari za mvua. Akauliza bei ya chumvi ya ng'ombe. Nikaagiza chai kutoka hoteli ya jirani, maana nilishaona ana neno, na neno lenyewe linakuja kwa miguu.

Alipofika nusu kikombe akauliza: "Wewe ndiye msichana wa arap Sitonik?"

Nina miaka hamsini na miwili. Nikasema ndiyo, ndimi huyo msichana.

Anaitwa Kiptum, wa Ndanai. Baba yake alifariki Agosti. Kabla ya kwenda alimtajia ng'ombe wote, hata wale wasiolala nyumbani. Mmoja aliwekwa Kaplong, kwa arap Sitonik, mwaka mmoja wa ukame. Kimanagan.

Neno hilo nimelisikia tangu utotoni bila kuligusa. Unampa rafiki ng'ombe wako akutunzie. Maziwa ni yake, samadi ni yake. Ng'ombe na uzao wake ni wako, hata ipite miaka thelathini. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi ila wao wawili.

Kijana wake anaoa Desemba na anataka uzao wa ng'ombe huyo uwe kwenye mahari. "Sijakuja kudai," alisema. "Nimekuja kuuliza kama wako hai."

Nikamwambia baba alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, labda amekosea boma. Hakubishana — na mimi mtu asiyebishana hunichanganya. Alisema tu niangalie sikio la kushoto. Ukoo wao hukata mara mbili, upande wa chini. Kisha akamaliza chai na kurudisha kikombe hotelini yeye mwenyewe.

Mara mbili, upande wa chini. Sikio hilo nalijua. Miaka yote nimeamini ni seng'enge.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepanda kwa senge Cherotich, dada ya baba, kabla ya kufungua duka. Nilimkuta shambani anachuma chai, kapu mgongoni, na miaka yake sabini na minane. Hakuacha kuchuma ili anijibu.

"Senge, Chelel alikuwa wa nani?"

"Wa watu wa Ndanai. Mama yake aliletwa na rafiki ya baba yako. Kwani hukujua?"

"Mbona hukunizuia nilipompeleka kanisani?"

"Nilifikiri mmeelewana na wao. Wewe huongea na kila mtu."

Nikamwuliza kwa nini baba hakuniambia. Akatupa majani kapuni. Mambo ya ng'ombe, akasema, huambiwa vijana, na baba yako hakuwa na kijana. Alikuwa anamngoja nani, sijui. Nilisema mimi nilikuwepo. "Ulikuwepo," akasema, "lakini ungeandika."

Baba aliniambia yote mengine. Alininunulia vitabu wakati majirani walimcheka kwamba anasomesha mke wa mtu. Siku yake ya mwisho hospitalini tulibishana kuhusu bei ya mbolea mpaka nesi akatunyamazisha. Ng'ombe hakuwataja. Nikashuka kilima na hasira inayotafuta mtu wa kumshika. Sikupata mtu.

Nikapitia kanisani. Ogari, mlinzi wetu, alikuwa anamkatia Chelel majani ya tembo. Nikashika sikio. Mara mbili, upande wa chini, mikato miwili safi ya kisu. Seng'enge gani hukata hivyo? Miaka mingapi nimelitazama?

Mtamba wake, aliyezaliwa pale pale kanisani, ana masikio mazima. Aliyejua kukata alikuwa ameshazikwa. Ndama wake wa kwanza, ndume, tulimuuza, tukajenga choo. Maana yake choo cha kanisa kimejengwa na mzee wa Ndanai ambaye hakuwahi kukitumia.

Ogari akadhani natafuta kupe. "Hakuna kupe hapa, Madam. Huyu namwosha Ijumaa, akae tayari kama Msabato." Yeye mwenyewe ni Msabato kutoka Kisii, analinda kanisa la watu wa Jumapili. Mshahara wake ni aibu, na najua kwa sababu mimi ndiye niliyesema kwenye kamati: achukue maziwa, hiyo itajazia. Imejazia. Binti yake yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu, kwa maziwa hayo. Mtamba alipokataa kutoka tumboni, Ogari alilala bandani siku tatu. Sisi tulimtumia ujumbe wa kumtia moyo.

Sikumwambia.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia Kiptum. Nikakiri sikio. Nikaeleza mahali ng'ombe alipo, na kwamba nilimtoa bila kujua. Akacheka kidogo, bila ubaya, akasema baba yake angefurahi kusikia ng'ombe wake ameokoka kabla yake.

Nikampa bei. Bei nzuri, ya ng'ombe wawili wa maziwa, kutoka akiba yangu, aende anunue popote. "Madam," akasema, "pesa haina sikio." Wazee watakaopokea mahari wanajua ukoo wa ng'ombe huyu. Babu zao walikunywa maziwa ya mama zake.

 

Ijumaa, 7 Novemba

Kwa Pasta Kimeli. Aliweka miwani mezani na kunisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hafanyi kwenye mikutano. Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua?

Kisha faraja. "Sister, Mungu huangalia moyo. Moyo wako ulitoa."

"Moyo wangu ulitoa ng'ombe wa Kiptum."

"Lakini hukujua."

"Sikuuliza, Pasta. Ni tofauti."

Akakuna kidevu. Yeye ni kijana, angeweza kuwa mtoto wangu, na mara nyingi nimemchukulia hivyo mbele za watu. Leo alinilipa, taratibu tu, wala sidhani alikusudia. Alisema: basi kama wewe, msomi, uliweza kutoa kisicho chako na hukujua, pengine mheshimiwa naye hajui sawasawa pesa zake zimetoka wapi.

"Anajua."

"Pengine anajua. Lakini Jumapili hutasimama umuulize. Au utasimama?"

Nilitembea hadi nyumbani. Njiani sikuwaza heshima yangu, jambo la kushangaza. Niliwaza hesabu isiyokuwa na kitabu: miaka mitano kanisa limekunywa, limeuza, limejenga. Nani alitoa? Mimi nilitoa maneno. Mzee wa Ndanai alitoa ng'ombe bila kujua. Ogari alitoa mgongo wake bila kuulizwa. Kama kuna baraka ya sadaka ile, imekuwa ikipelekwa nyumba gani?

Na kama baraka hufika kwa asiyejua kuwa ametoa — basi zile bahasha zenye majina ni za nini?

Jumapili, 9 Novemba

Sikusimama.

Mheshimiwa alikuja saa tano na magari manne. Akachukua maikrofoni. Kanisa zima liligeuka kunitazama, hata watoto. Karatasi themanini zilikuwa miguuni pangu, ndani ya mfuko wa chakula cha kuku. Nikatazama kitabu cha nyimbo. Yeye mwenyewe aliniangalia, akangoja kidogo kwa adabu, kisha akaendelea.

Mabati yalipigiwa makofi. Kisha senge Cherotich, mbele ya watu wote, akaleta mayai sita ndani ya kofia ya mjukuu, akasema moja lina ufa, mlitumie leo. Yakapigwa mnada nje baada ya ibada. Ndung'u aliyanunua kwa mia sita, ufa na yote.

Jumatatu, 10 Novemba

Sasa nimenunuliwa. Hiyo ndiyo habari ya Kaplong.

Ndung'u alikuja asubuhi akaegemea kaunta. "Madam, wanasema ulikunjiwa elfu hamsini. Mimi nimekutetea."

"Umesemaje?"

"Nimesema wewe hauwezi kukubali chini ya laki."

Baadaye Priscillah wa fotokopi akaniambia yeye amesikia ishirini. Nilikasirishwa zaidi na ile ishirini.

Haya ndiyo maajabu. Kujisafisha na fedha ambayo sikula, lazima niseme kwa nini nilinyamaza. Kusema kwa nini nilinyamaza ni kumtaja Chelel. Ukweli mmoja utanitoa kwenye shimo moja na kunitia katika lingine lenye maji zaidi.

Jioni nilitoa vitabu vyangu vyote kuhusu uwakili wa Mkristo. Rafu nzima. Nimevipigia mistari, nimevigombeza pembeni kwa kalamu nyekundu. Vyote vinasema sisi ni mawakili tu, mali ni ya Bwana. Kisha ukurasa unaofuata vinafundisha jinsi ya kugawanya mali hiyo kana kwamba mwenyewe amehamia mbali na hatarudi. Mimi pia nimeandika hivyo! Mara ngapi?

Watu wa bibi zangu hawakuwa na rafu. Lakini walijua kitu hiki kwa mikono: kuamka alfajiri kwa mnyama asiye wako. Kumlisha kwanza kuliko wako, kwa sababu wako akifa ni hasara, wa mwenzako akifa ni aibu. Kunywa maziwa bila kuona haya, kwa sababu ni haki yako. Na kujua kwamba siku moja mtu atafika na kofia mkononi, aulize tu kama wako hai.

Nilimuuliza senge kwa simu kwa nini mtu mwenye ng'ombe awatawanye hivyo. Akasema ugonjwa usiwamalize pamoja. Akasema pia, ukiwa na jirani ambaye watoto wake hawana maziwa, ukimpa ng'ombe atakuchukia. Ukimwomba akusaidie kumtunza, mnabaki marafiki.

Nimekaa na hilo la mwisho. Sijawahi kutoa kitu chochote namna hiyo.

Jumatano, 12 Novemba

Kiptum atakuja Jumamosi na pikapu. Masharti yake ni mawili, na si masharti, anasema, ndivyo ilivyo. Kwanza, ng'ombe atoke kwenye lango aliloingilia. Kwa hivyo si kanisani: kwa baba, yaani kwangu. Pili, mlezi haachwi mikono mitupu. Chelel ataondoka. Mtamba atabaki, awe wa mlezi moja kwa moja, na uzao wake.

"Mlezi ni nani?" nikauliza.

"Hilo mtaniambia nyinyi."

Pasta alifika jioni, tayari amefikiri. Mlezi ni kanisa. Ng'ombe amekaa uwanja wa kanisa, ameandikwa mali ya kanisa. Kanisa likipata mtamba, kamati itaridhika, tutawaambia watu tumebadilisha mkubwa kwa mdogo, na hakuna atakayeuliza zaidi. Mtamba auzwe, mabati yameletwa lakini fundi na misumari havikuletwa.

"Na Ogari?"

"Ogari ni mfanyakazi, Sister. Tutamfikiria."

Nikamwambia mtamba akienda kwa Ogari itabidi kamati ielezwe yote. Akasema ndiyo, yote, na kwa jina. Hakunitisha. Alikuwa ananionea huruma, na huruma ya kijana yule ni chungu kuliko ugomvi wake.

Ogari nimemwambia leo mwenyewe. Alikuwa amechuchumaa akikamua. Hakusimamisha mikono. Akauliza kama huko Ndanai kuna maji karibu, maana Chelel hanywi ya mfereji. Akauliza mtamba naye anaenda? Nikasema bado haijajulikana. Akasema sawa. Maziwa yaliendelea kuingia kwenye ndoo, shwa, shwa, kisha akasema bila kunitazama: "Mtoto anamaliza chuo kesho kutwa tu, Madam. Mwaka mmoja na nusu." Kana kwamba ananifariji mimi.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa nne na nusu. Naandika nikiwa nimesimama, chumba cha dawa, nyuma ya nyumba.

Wako uani. Kiptum amekuja na kijana wake anayeoa, amevaa viatu vya kung'aa kwenye samadi. Pasta yupo. Ndung'u yupo, amejileta kama mzee wa kanisa, lakini ni udaku. Senge Cherotich ameketi juu ya kapu lake lililopinduliwa. Ogari amewaleta Chelel na mtamba kwa miguu kutoka kanisani, amewasugua wote wawili. Amevaa koti lake la kazi, na firimbi.

Kiptum alishika sikio la Chelel, akapitisha kidole gumba kwenye mikato ile miwili na kufunga macho kidogo. Basi, hiyo ikawa imekwisha. Ogari mwenyewe ndiye aliyempandisha kwenye pikapu, maana aligoma kwa wengine. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga upya upande ambao haitamkata shingo.

Kisha mtamba. Kiptum akatoa kisu kidogo kwenye soksi. Akasema mnyama mzima hivi kutokuwa na alama si vizuri, watu watakuja kugombana. Tumkate leo, wote mkiwapo. Akashika sikio na kuuliza, si kwa sauti kubwa:

"Nimkate alama ya nani? Nani alikuwa akiamka alfajiri kwa ajili yake?"

Pasta akasema, "Kanisa." Akasema vizuri, kwa upole, akanitazama.

Ndung'u akasema, "Sasa kanisa huwa na alama gani, Pasta? Msalaba? Sikio litaisha." Senge akacheka hadi akakohoa. Kisha nikaona wote wananitazama mimi, kama Jumapili ile. Wote isipokuwa Ogari. Yeye alikuwa ameshika kamba ya mtamba akitazama chini, anamkuna nyuma ya pembe.

Mdomo wangu. Miaka thelathini haujawahi kungoja zamu. Nikasema: "Kisu hicho kinataka iodini," nikaingia ndani.

Iodini ninayo. Chupa ilikuwa juu ya rafu, juu ya zile karatasi themanini. Nilizitupa hapo Jumapili. Imeacha duara la kahawia kwenye ya kwanza, karibu na kichwa. USIMPE MUNGU CHA MTU. Nimeisoma yote, mbele na nyuma. Haina kosa. Kila neno ningeliandika tena.

Chini ya kichwa nimeongeza kwa kalamu hii hii: Kama nilivyofanya mimi. Dorcus Sitonik.

Nimefanya ya pili. Ya tatu. Herufi zinasomeka. Priscillah hatakuwa na kazi hapa, hizi lazima ziwe za mkono, zote. Nne. Tano.

Kiptum anakohoa huko nje. Ogari ananiita sasa, kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe: Madam, huyu ameanza kusumbuka, mimi nimwachilie ama nimshike?